Vigae vyangu vya ramani vimejikunja na havikutani: niviokoe au nikate vingine?

BintiKibokoni (Mombasa) ameuliza:

Salaam wenzangu, na heshima kwa wakubwa mliomo.

Naendesha mchezo wa D&D (Dungeons and Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mtu huigiza mhusika na mwongozaji husimulia hadithi) kila Jumamosi baada ya Isha, sebuleni kwetu Kibokoni. Tuko watano: mimi, mdogo wangu wa kiume, binamu zangu wawili, na jirani wa ghorofa ya juu ambaye ni nesi na huja wiki asizokuwa na zamu ya usiku. Mwaka wa pili huu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo mwanzo nilichora ramani kwenye daftari la miraba, nikaifunika kwa karatasi nyingine, nikawa nafunua kidogo kidogo. Ilitosha. Likizo ya Agosti ndiyo iliyonitia hamu ya vigae.

Kwa ambaye hajaviona: ni vipande vya kadibodi au ubao vilivyochorwa sakafu, kuta na ngazi. Unavipanga mezani kimoja baada ya kingine kadiri wachezaji wanavyosonga, na wiki inayofuata vipande vilevile vinakuwa jengo jingine kabisa. Mraba mmoja una inchi moja, na mchezoni huhesabiwa futi tano, yaani mita moja na nusu.

Nilinunua faili mtandaoni, kurasa kumi na sita. Nusu nikaprinti steshenari iliyo karibu na shule, nusu mjini. Nikakata vipande vya miraba minne kwa minne, nikavibandika kwenye kadibodi ya boksi la friji kwa gundi nyeupe ya seremala, niliyoizimua kwa maji ili isambae vizuri. Vigae 64. Usiku nne za kukata, hadi kidole cha shahada kikaota sugu.

Wiki ya tatu vyote vimejikunja. Pembe nne ziko juu, katikati kumezama, kama chapati iliyosahauliwa kwenye sahani. Kete zetu za kuonyesha kila mtu yuko wapi ni komwe (zile mbegu ngumu) za bao la marehemu babu, nimezipaka rangi ya kucha, kila mtu na rangi yake. Komwe ni duara. Jumamosi iliyopita komwe ya nesi ilibingirika yenyewe kutoka mlangoni hadi katikati ya chumba chenye mtego, na binamu yangu mkubwa akashikilia kwamba ameshaingia. Tulibishana dakika kumi juu ya jambo ambalo hakuna aliyelitenda.

La pili, havikutani. Kigae cha steshenari ya kwanza kina milimita 101 na kitu. Cha steshenari ya pili hakifiki 99. Ni faili lilelile! Nikipanga ujia wa vigae vitano, upande mmoja unatangulia mwenzake kwa zaidi ya nusu mraba, na mlango unaangukia ukutani.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo gumu kulieleza. Hadithi yetu inatokea katika mji wa pwani uliohamwa. Nilipata wazo hilo nilipowapeleka wanafunzi kwenye magofu ya Gede. Tulisimama ndani ya nyumba isiyo na dari, mzizi umeshika ukuta wa matumbawe, na watoto arobaini na moja wakanyamaza bila kuambiwa. Nataka meza yangu inyamaze hivyo. Lakini vigae hivi ni vya ngome: kumbi pana, ujia ulionyooka unaouona mwanzo hadi mwisho. Mimi nasema "mko ndani ya mji wa mababu," na mbele yao liko jumba la mfalme wa Ulaya.

Basi naomba ushauri: hivi vilivyojikunja vinaokoleka? Nikikata vipya nitumie kadibodi gani? Na kigae kiwe na ukubwa gani hasa, kwa sababu sioni kwa nini kiwe minne kwa minne isipokuwa kwamba faili lilikuja hivyo.

FundiMajalada (Tanga):

Wa alaykum salaam mwalimu. Mchezo wenyewe siujui, kijana wangu ndiye anaucheza na ndiye aliyeniitia swali lako. Lakini kadibodi naijua. Nafunga vitabu tangu mwaka 1998: misahafu iliyochakaa, leja za maduka, tasnifu za wanachuo.

Kilichokupata ni hiki. Karatasi ikinywa maji inatanuka. Umeibandika ikiwa imetanuka. Ikikauka inarudi saizi yake, na kwa kuwa imeshikwa na gundi, inaivuta kadibodi pamoja nayo. Ndiyo maana picha iko upande uliozama. Uliizimua gundi, kwa hiyo uliinywesha maji mengi, mvutano ukawa mkali zaidi.

Umewahi kufungua jalada gumu la kitabu? Kwa nje kuna kitambaa au karatasi, na kwa ndani pia tunabandika karatasi. Wengi wanafikiri ile ya ndani ni ya urembo. Ile ndiyo inayolifanya jalada lilale. Ya nje inavuta huku, ya ndani inavuta kule, kadibodi inabaki katikati haina pa kwenda. Baba yangu alikuwa akinipa jalada lisilo na karatasi ya ndani na kuniambia niliache juu ya meza hadi kesho. Asubuhi nilikuta mashua.

Kwa hiyo kila kigae kibandikwe karatasi nyuma: karatasi ileile, gundi ileile, siku ileile. Na uangalie uzi wa karatasi. Karatasi ina nyuzi zinazolala upande mmoja, nayo hutanuka zaidi kukatiza uzi kuliko kufuata uzi. Chukua kipande kidogo, kiloweshe upande mmoja tu: kitajiviringa kama bomba, na uzi unafuata urefu wa hilo bomba. Uzi wa mbele na uzi wa nyuma viende upande mmoja. Ukivipishanisha, kigae kitajisokota kama parafujo, na hiyo huwezi kuinyoosha tena.

Gundi usiizimue. Paka kidogo kwa brashi pana, kutoka katikati kwenda nje. Bandika karatasi nzima ya A4 mbele na nyuma KABLA ya kukata, weka katikati ya magazeti makavu, juu yake ubao, juu ya ubao kitu kizito. Mimi nina shinikizo la chuma, wewe weka ndoo mbili za maji. Saa ishirini na nne, ukibadilisha magazeti mara moja. Ndipo ukate, kwa rula ya chuma na wembe mpya. Wembe butu unararua, haukati.

Kadibodi ya boksi la friji iache. Ina mawimbi ndani, ukiibonyeza inabaki na alama. Tafuta ile ya kijivu, nzito, ya milimita 2, tunayotumia sisi. Ukikosa, vunja majalada ya kaunta buku za zamani. Shuleni kwako hayawezi kukosekana.

Ulivyonavyo vibandike karatasi nyuma na uvikandamize siku tatu. Sikuahidi vyote.

KalamuNaMkeka (Nairobi):

Dada, pole kwa usiku nne. Mimi natengeneza vipeperushi na kadi za harusi, na tatizo lako la pili nimelilipia mara nyingi kwa pesa yangu.

Faili ulilonunua bila shaka lilipangwa kwa karatasi ya Marekani, ile ya Letter, yenye milimita 215.9 kwa 279.4. Huku tunatumia A4, ambayo ni 210 kwa 297. A4 ni ndefu zaidi lakini nyembamba zaidi. Steshenari moja iliprinti kwa saizi halisi. Nyingine iliacha kompyuta ikaminya ukurasa uingie, na 210 ukigawa kwa 215.9 unapata takriban asilimia 97. Miraba minne ya inchi ni milimita 101.6, asilimia 97 yake ni 98.8. Kila kigae kinapungua 2.8, vigae vitano vinapungua 14. Hiyo ndiyo nusu mraba yako na ziada.

Ukichora mwenyewe, achana na inchi. Fanya mraba milimita 25. Miraba minane inakuwa 200 kamili, A4 inakubakizia milimita tano kila upande, na printa nyingi haziprinti hadi ukingoni hata hivyo. Kisha kabla hujaprinti kurasa zote, printi moja, weka rula, hesabu miraba minane. Isipokuwa 200 usiendelee, hata kama kijana wa steshenari anakwambia ni sawa na foleni ni ndefu.

Kuhusu picha kukutana: mwaka 1976 kampuni ya TSR, waliotoa D&D yenyewe mwaka 1974, walitoa kurasa za ramani za kukata zinazoitwa Dungeon Geomorphs. Michoro ya kawaida tu, lakini walishika kanuni moja: njia zinatokea ukingoni mahali palepale kwenye kila kipande, kwa hiyo hata ukizungusha vipi, njia inakutana na njia. Mimi naona hilo ndilo moyo wa vigae. Picha nzuri bila kanuni ya ukingo ni mabango tu.

Ila nikuulize kitu kwa nia njema: una hakika unavihitaji? Mimi natandika nailoni nzito inayoonyesha juu ya karatasi ya miraba, nachora kwa kalamu ya ubao mweupe, nafuta kwa kitambaa. Sekunde tano chumba kimepatikana.

BintiKibokoni:

@FundiMajalada Mungu akuzidishie. Nimesoma ule mstari wa mashua mara mbili, nikaenda kabatini kufungua majalada ya vitabu vyangu vyote.

@KalamuNaMkeka swali lako ni la haki na nimelifikiria. Kuchora ninaweza. Lakini mdogo wangu hapendi kuzungumza mbele ya watu, tangu utoto. Siku ya kwanza nilipoleta vigae, hivyohivyo vimejikunja, yeye ndiye aliyevishika, akavigeuza, akasema "hapa pana njia nyingine, haikuchorwa lakini ipo." Kwenye daftari hakuwahi kusema neno. Kitu ambacho mtu anaweza kukishika na kukisogeza kinampa ruhusa ambayo mchoro wangu haukumpa. Kwa hiyo ndiyo, navihitaji.

Mchezaji_Maskati:

Nyongeza ndogo kutoka Oman. Vigae vyangu nilivitengeneza Unguja nikiwa likizo, miezi ya masika. Nikavileta huku, chumba kina kiyoyozi mchana na usiku, hewa kavu. Siku ya tano vimepinda! Fundi kasema kweli, karatasi hainyamazi, inafuata hewa. Nilipobandika nyuma vimetulia. Zaidi ya karatasi ya nyuma nimeongeza vipande vya ule mkeka wa mpira mwepesi wenye matundu, unaowekwa kwenye droo za jikoni vyombo visiteleze. Kigae hakisogei hata watoto wakigonga meza.

MpimaNyumba_Langoni (Lamu):

Mwanangu BintiKibokoni, nimesoma swali lako la tatu na nimeona wenzangu wamelipita. Nitalijibu hilo. Kazi yangu ni kupima na kuchora nyumba za mawe zinazotengenezwa upya hapa Amu, yaani Lamu, na mjukuu wangu amenifundisha huo mchezo wenu kiasi cha kuelewa mraba ni nini.

Umeuliza kigae kiwe na ukubwa gani. Jibu liko juu ya kichwa chako, darini. Nyumba ya mawe ya Waswahili haikupimwa na mwenye nyumba wala na fundi. Imepimwa na boriti. Dari inabebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko una urefu wake na nguvu zake. Ukutani hadi ukutani unapata mita mbili na nusu, ukizidi sana haifiki mita tatu. Hapo basi. Tajiri na mnyonge, boriti ni ileile. Mwenye mali hakujenga chumba kipana, alijenga kirefu, na akaongeza vyumba vingine nyuma yake, vikilala sambamba kama vitabu kwenye rafu. Ndiyo maana ukiingia nyumba hizi unahisi unapenya tabaka baada ya tabaka.

Sasa tazama hesabu, wewe ni mwalimu utaifurahia. Mraba ni mita moja na nusu, milimita 25 mezani. Kigae chako kiwe na upana wa miraba miwili daima, milimita 50. Ukuta wa matumbawe na chokaa una unene wa nusu mita hivi, ambayo mezani ni milimita 8. Ukuta mmoja unatumiwa na vyumba viwili, basi chora nusu yake kwenye kila kigae: milimita 4 upande huu, 4 upande huu. Ndani inabaki 42. Milimita 42 ni mita mbili na nusu. Umepata boriti.

Urefu ndio uubadilishe: miraba minne, miraba sita. Kwenye A4 unapata vipande vinne kwa upana, na kila kipande ukikigawa milimita 100 na 150, karatasi moja inakupa vigae vinane na mabaki ya kutosha milango.

Milango usiichore kwenye kigae. Hapa natofautiana kidogo na ndugu wa Nairobi. Kanuni ya njia kutokea mahali palepale ni nzuri kwa mapango, lakini nyumba zetu milango haitazamani, na haikutazamana kwa makusudi. Mpita njia aliyesimama barazani asione ndani. Unaingia dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, unapinda tekani, kijia cha kuingilia, ndipo unatokea kiwanda, ua wa ndani usio na dari. Kutoka hapo msana wa tini (chumba kirefu cha chini), kisha msana wa yuu (cha juu yake kidogo), kisha ndani, chumba cha faragha kabisa. Kila unapopita unaacha ugeni na kukaribia usiri wa nyumba. Kwa hiyo chora kuta zote zimeziba. Mlango uwe kipande cha peke yake, milimita 25 kwa 8, uuweke juu ya mahali kuta mbili zinapokutana. Unafunika nusu zote mbili sawasawa. Hakuna kitakachokataa kukutana na chenzake, na wewe ndiye unayeamua mlango uko wapi. Kanuni yako iwe moja tu: milango miwili isitazamane.

Sakafu nayo hupanda. Msana wa yuu uko juu kidogo ya ule wa tini, na ndani juu zaidi. Bandika kadibodi ya pili chini ya kigae cha msana wa yuu na ya tatu chini ya ndani. Milimita mbili tu kila mara. Macho yatachelewa kuona lakini mkono unaosogeza kete utajua.

Haya niliyokuambia ni ya nyumba za Amu, nyingi za karne ya 18. Gede ni mji wa kale zaidi. Pale pana kaburi limeandikwa mwaka wa 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Nyumba zake zina viwanda vilivyochimbwa chini ya usawa wa vyumba, unashuka kuingia uani. Basi kiwanda chako kifanye cha miraba minne kwa minne, kadibodi moja, na vyumba vinavyokizunguka viwe kadibodi mbili. Boriti lakini ni boriti, huko na huku.

Ukitaka siku moja kuwapeleka mbali zaidi kusini, Husuni Kubwa, jumba la kale la Kilwa, ina birika la pembe nane. Chukua kigae cha milimita 100 kwa 100, kata kila pembe kwa kupima 29 kutoka kila upande. Pande nane zitalingana kwa jicho.

KalamuNaMkeka:

Mzee wa Langoni, nimekaa na kalamu mkononi. Nyumba yenyewe ni vigae. Nafuta nilichosema juu ya milango.

BintiKibokoni:

Ami, nimeisoma barua yako kwa sauti, mama akiwa jikoni. Mama alizaliwa nyumba ya mawe. Akatoka na mikono ina unga akasema, "Ndiyo maana kitanda cha bibi kilikuwa kikiwekwa kwa urefu tu, hakuna aliyewahi kukigeuza." Alikuwa hajawahi kujiuliza kwa nini.

Swali moja kabla sijakata: mchezo unataka watu wawili waweze kusimama ubavu kwa ubavu ndani ya upana wa miraba miwili. Ndani imebaki milimita 42. Kete za dukani zina kitako cha 25, mbili hazitoshi.

MpimaNyumba_Langoni:

Wewe si umesema kete zako ni komwe? Zipime.

BintiKibokoni:

Nimezipima zote nne. Kubwa kuliko zote ina milimita 20. Mbili ni 40.

BintiKibokoni, wiki tatu baadaye:

Narudi kutoa taarifa, maana mmenipa muda wenu.

Kadibodi ya kijivu sikuipata kwa urahisi. Fundi mmoja wa vitabu hapa mjini alikuwa nayo lakini hakutaka kuuza kidogo. Nilivunja majalada ya kaunta buku kumi na tisa kutoka stoo ya shule, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Karatasi mbele na nyuma, uzi upande mmoja, ndoo mbili za maji. Jaribio la uzi lilifanya kazi kama Fundi alivyosema, nikalifanya darasani na kidato cha pili kabla ya somo la vipimo. Kati ya vigae 36 vipya hakuna kilichopinda, na mvua imenyesha siku nne mfululizo. Vya zamani nilivijaribu kumi: sita vimelala, vinne vimekataa. Hivyo sita nimevigeuza upande wa nyuma nikavichora vichochoro.

Nilichora mwenyewe kwa wino mweusi na rangi ya maji iliyopauka, nikapiga kopi. Steshenari ya kwanza miraba minane ilikuja 194. Nikaondoka. Ya pili ikaja 200. Sikuchora samani yoyote isipokuwa vidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Mwanzo niliogopa vyumba vitaonekana vitupu, lakini utupu huo ndio niliokuwa nautafuta.

Jumamosi tulicheza. Sikupanga ramani nzima. Vigae vilikuwa vimepangwa kwa mfuatano ndani ya boksi la viatu mapajani mwangu, naweka kimoja, naongea, naweka kingine. Daka. Tekani. Hapo wakasimama, kwa sababu hawaoni mbele. Kwenye vigae vya ngome mtu angesema "natazama hadi mwisho wa ujia," na mimi ningelazimika kumwambia kila kilichopo. Sasa hakuna mwisho wa kutazamwa. Nesi akauliza nani anatangulia, na hakuna aliyejibu.

Nilipoweka kigae cha ndani, kile cha kadibodi tatu, mdogo wangu alisogeza komwe yake ya kijani, ikagonga ukingo ikasita. Akainua mkono. Akapitisha kidole kwenye ule mpando mdogo, kutoka msana wa yuu hadi ndani, polepole. Sikuwa nimewaambia chochote kuhusu sakafu kupanda. Akasema, "Tunaingia kwa mtu." Kisha akavua viatu vya mhusika wake. Aliyatamka hayo kwa sauti, mbele ya wote: anavua viatu, anaviacha kizingitini, anapiga hodi katika nyumba ambayo haina mtu kwa miaka mia tatu.

Binamu zangu, ambao kwa kawaida wanataka kupigana kabla ya chai kupoa, wakavua pia. Wakapiga hodi.

Yaliyobaki kurekebisha: milango ya milimita 8 ni midogo, tumepoteza mitatu chini ya kochi. Nitaibandika kwenye vipande vya sumaku bapa, nione kama mkono unaiona. Na mkeka wa droo wa ndugu wa Maskati nimeupata, nitaubandika chini ya vigae vyote, kwa sababu nikivibandika vya uani peke yake kipimo cha mpando kitaharibika.

Ami, nina ombi jingine. Wiki ijayo wanatoka nyumba hii kwenda ya pili kwa kupitia wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Wengine watakuwa juu na wengine chini njiani, kwa wakati mmoja. Nakiwekaje mezani ili walio chini wasikose kuonekana?

MpimaNyumba_Langoni:

Kigae cha miraba miwili kwa minne, kila pembe juu ya vizibo viwili vya chupa za maji. Kichochoro kipite chini yake kwa upana wa mraba mmoja na nusu tu, punda na mzigo wake apite. Walio chini wataonekana ukiinama. Waache wainame.

Na unisalimie huyo mdogo wako. Mwambie kuna mzee Amu amefurahi kusikia amepiga hodi.